Fundi kaniwekea jani la springi kwenye chesisi, nikakwama porini na wageni saba

Wakuu salaam. Mnisamehe mapema, naandika nikiwa na hasira. Siku ya nne leo gari liko juu ya magogo hapa nyumbani na simu ya wakala wa utalii naiangalia tu inaita.

Nina Land Cruiser moja ya kitalii, injini ya dizeli ya 1HZ, chesisi yake (fremu ya chuma inayobeba gari zima) imekatwa na kurefushwa kama zilivyo nyingi hapa Arusha ili wakae watu saba. Nililinunua hivyohivyo. Ndilo shamba langu, ndilo ada za watoto. Msimu wa nyumbu kuzaa kule Ndutu nalikodisha kwa kampuni, nyumbu wakifika mto Mara nalikodisha tena, katikati hapo napiga deiwaka, vibarua vya siku mojamoja.

Mnaoijua njia mnajua lami inakuacha pale geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Kuanzia hapo mpaka Seronera katikati ya Serengeti, na hasa ukishavuka geti la Naabi, barabara imejikunja kama bati, gari linatetemeka mpaka skrubu za redio zinajifungua zenyewe. Chesisi yenye kiungo kupata ufa kwa njia ile si ajabu, na kwa hilo simlaumu mtu. Niko chini ya gari nabadilisha bushi za springi, nikaona mstari wa kutu pale kwenye kiungo upande wa kushoto, unaanzia ukingo wa chini unapanda. Nikapaka mafuta ya taa, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikasugua chaki. Kama dakika kumi hivi, mafuta yakaanza kutokeza kwenye chaki: mstari mwembamba kama unywele, urefu wa kidole cha kati. Ufa, hakuna cha kubishana.

Nikaanza kutafuta msaada. Fundi wa kwanza kila siku ni "njoo kesho". Wa pili akataka nibadilishe chesisi nzima, akataja bei ambayo ningepata kiwanja. Wa tatu, ambaye gereji yake siitaji, akalitazama nusu dakika akasema, "Bosi, hii ya saa mbili tu. Tunapiga pleti, unasahau."

Mimi si fundi wa kuchomelea. Lakini kuna mzee jirani yangu ametengeneza malori maisha yake yote, sasa macho yamemkataa, nilikaa naye jioni nzima akanielekeza. Nikaenda kwa yule fundi nikamwambia moja moja. Ufa utafutwe mwisho wake, pale mwisho litobolewe tundu dogo la milimita 6 ili usiendelee kutembea. Uchimbwe kwa grenda uwe na umbo la V, ujazwe, usawazishwe. Halafu pleti ya chuma laini cha kawaida, isizidi unene wa chesisi yenyewe, ncha zake zikatwe kwa mshazari kama kichwa cha samaki. Usipitishe mshono wa wima kukatiza chesisi kutoka juu hadi chini. Kingo za juu na za chini usiziguse. Vijiti vya kuchomelea viwe aina ya 7018, vikavu. Betri ifunguliwe, na waya wa alternata pia. Uchomelee kidogo hapa, uhamie kule, chuma kipoe chenyewe.

Kijana anatikisa kichwa tu. "Sawa bosi, sawa bosi." Pesa akachukua, laki tatu na nusu ya ufundi, na laki na themanini ya vifaa. Hiyo laki na themanini ishikeni, nitairudia.

Bahati mbaya yangu, siku hiyohiyo nikapigiwa simu ya msiba Rombo. Nikaenda, nikazika, nikarudi siku ya pili. Nakuta gari limeshashushwa na chesisi imepulizwa rangi nyeusi inang'aa kama kiatu cha askari. Nikainama na tochi. Pleti ndefu, nene ajabu, ya mstatili, imezungushiwa mshono pande zote nne. Na katikati yake kuna tundu la duara. Nikamuuliza hili tundu la nini. Akajibu bila kupepesa: "La kutolea hewa ya moto bosi, ndani isivimbe."

Na mimi nikamwamini! Hapa nitukaneni tu, ni haki yenu.

Kuondoka pale taa ya chaji ikawaka, haikuzimika. Alternata imekufa. Ina maana betri haikufunguliwa, na kibano cha ethi cha mashine ya kuchomelea wamekibana kwenye bampa la mbele wakati kazi iko katikati ya gari, umeme ukapita ulikopenda. Waya za taa za nyuma zinazopita ndani ya reli ya chesisi zimeungua zikashikana. Kuna bomba la breki pia, limepigwa na cheche lina vidoadoa, namshukuru Mungu halikutoboka. Alternata nikanunua kwa pesa yangu. Kwenda kudai nikasema hapana, nina safari, sitaki maneno.

Siku kumi na moja. Ndivyo kazi ile ilivyodumu. Tumepita Naabi, wageni saba, friji imejaa, spea mbili nyuma, mara nasikia mlio, tuu, kama mtu amegonga ngoma ya bati chini ya miguu yangu. Nikadhani limevunjika jani la springi. Nikasimama, mgeni mmoja mama wa makamo akajaribu kufungua mlango wa nyuma ukagoma. Akausukuma ukafunguka, sasa ukagoma kufunga. Upenyo wa juu wa mlango umebana, wa chini umeachana, unapitisha vidole viwili. Dereva yeyote wa magari haya akiona hivyo tumbo linashuka, maana bodi haijipindi yenyewe, ni chesisi imelala, yaani imepinda kwenda chini.

Nikaingia chini. Pleti nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Chesisi ndiyo imepasuka pembeni ya pleti, palepale kwenye mshono wa wima, mstari umenyooka kama umepigwa rula, kutoka chini mpaka umevuka nusu ya kimo. Rangi imebanduka, na lile tundu la "hewa ya moto" sasa naliona vizuri. Ni tundu la bolti ya kati, ile inayofunga majani ya springi pamoja. Wakuu, yule bwana amechukua jani la springi kuukuu, bila shaka la lori la Fuso kwa upana ule, akalinyoosha akalichomelea kwenye chesisi ya gari la abiria! Na amenitoza laki na themanini ya vifaa!

Nilipomsimulia mzee wangu hakuniacha nimalize. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, ukikichomelea baridi bila kukipasha moto kwanza, kando ya mshono panakuwa pagumu na pakavu kama kioo. Ukiongeza vijiti vilivyolala kwenye unyevu, ufa unaanzia chini ya mshono kabla gari halijatoka gereji. Halafu unene: pleti nene vile haipindi, chesisi inapinda, kwa hiyo kupinda kote kunahamia pale pleti inapoishia. Na pale inapoishia jamaa ameweka mshono wa wima. Ni kama karatasi uliyoikunja ukapitisha ukucha. Jirani wa gereji ile ameniambia na la ziada, kwamba baada ya kuchomelea walimwagia ndoo ya maji ili rangi ipulizwe haraka. Sijui nicheke au nilie.

Wageni walihamishiwa gari la rafiki yangu lililotoka Seronera, siku mbili za kukodi nimelipa mimi. Langu nimelifunga kwa minyororo na gogo, nikalirudisha mwendo wa ishirini mpaka Karatu, toka hapo nikalipandisha kwenye lori. Hesabu yake fanyeni wenyewe.

Kinachonichoma zaidi si pesa. Ni kwamba NILISEMA. Nilisema kila kitu mapema, kwa adabu, na kijana akaniona dereva tu, nijue nini. Nilipomrudia juzi na picha akaniambia, "Kaka, hiyo sehemu yetu haijakatika, imekatika sehemu ya gari. Ya kwetu ipo." Na wenzake wakacheka kana kwamba kasema jambo la akili.

Sasa naomba msaada. Nahitaji fundi Arusha au Moshi mwenye mashine ya kuchomelea ya umeme wa DC, anayetunza vijiti vyake kwenye oveni au angalau kwenye chombo kikavu, atakayekubali nisimame pale mwanzo hadi mwisho bila kununa. Kazi ya kwanza ni kuliondoa hilo jani la springi bila kuila chesisi zaidi, na hapo ndipo naogopa kuliko kote. Aliyewahi kuondoa pleti ya namna hiyo atuambie alitumia grenda tupu au aliikata kwa gesi. Na kama chesisi ikishalala inaweza kunyooshwa kwa jeki kabla ya kuchomelewa au ndiyo basi, semeni ukweli, nimejiandaa kusikia.

Nikiwa naandika hapa yule kijana ameingia kwa ujumbe wa sauti. Nausikiliza mara ya pili sasa: "Bosi usikasirike, lilete tu gari, tutaongeza pleti nyingine juu ya ile. Safari hii hatukutozi vifaa."