Naomba ushauri: irabu za Kiingereza zinanitatiza

Habari zenu wadau. Najisomea fonetiki (elimu ya sauti za lugha) ya Kiingereza na naomba msaada kwa wanaoijua. Konsonanti hazinisumbui sana: naangalia mahali pa kutamkia, jinsi hewa inavyozuiwa, na kama nyuzi sauti zinatetemeka. Ukishika koo ukatamka /s/ kisha /z/, mtetemo unausikia hapohapo kwenye vidole. Hata /θ/ ya "think" tunayo tayari, ile ya "thelathini".

Kazi iko kwenye irabu. Kiswahili kina 5 tu, wakati matamshi sanifu ya Uingereza kwa kawaida huhesabiwa kuwa na 20, zikiwemo irabu unganifu 8 (zile zinazoanza na irabu moja na kuishia na nyingine). Hapa hewa haizuiwi popote, kwa hiyo unabaki kukisia ulimi uko juu kiasi gani, mbele au nyuma. "Ship" na "sheep" nazitofautisha kwa urefu, lakini kwenye "ship" ulimi nao hushuka kidogo na kulegea. Huo mshuko siuhisi kabisa, na ndio unaonitesa.

Mliofundisha au kusoma somo hili, mliuzoeza vipi ulimi? Nitumie kioo, nijirekodi, au kuna njia bora zaidi? Na ile /ə/ inayoanza "about", niishughulikie kwanza au niiache mwisho?