MREJESHO: Lile kundi la nyuki kwenye mwembe

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza: kundi la nyuki limening'inia kwenye mwembe wangu, majirani wanataka lichomwe moto, nifanyeje? Ahsanteni sana mlionizuia.

Nilipaka nta kwenye viunzi vya mzinga, nikautundika mwisho wa shamba, mbali na banda la mbuzi, na waya nikazipaka grisi kuzuia siafu. Kesho yake nyuki wapelelezi, wale wanaotafutia kundi makao, wakaanza kuingia na kutoka. Saa nane mchana likahamia kundi zima, mngurumo kama mashine ya kusaga!

Jana nimechungulia jioni: masega matano meupe, na nyuki wanaingia na chavua ya njano miguuni. Nadhani malkia anataga. Nimewawekea karai la maji lenye vijiti wasizame. Asali msimu huu siigusi.