Tupeane uzoefu: keki ya umbo uliyojaribu mwenyewe nyumbani, ilitokaje?

Mama Wawili: Wadau habari. Jana napanga kabati la jikoni nikakutana na lile bati la umbo la gari, nililitumia mara moja tu nikalisukumia nyuma ya masufuria nisilione tena. Machungu yakarudi upya. Siku ile keki iliumuka vizuri, harufu nyumba nzima, kuja kupindua limetoka paa peke yake, magurudumu yote manne na nusu ya mlango vimebaki kwenye bati. Kumbe vile vikona nilipitisha siagi kwa kidole juu juu tu. Nikachokonoa kwa kijiko nikaungaunga na krimu, mtoto kaja kaangalia akauliza "mama, limepata ajali?" Nikamwambia ndiyo. Haya na nyie yaliwakutaje, msiniache peke yangu.

Kisu Butu: Hahaha limepata ajali. Nimecheka mpaka nimeamsha mtu.

Fundi Mwiko: Umenikumbusha mbali aisee. Mimi ulikuwa mpira. Niliona watu wanaoka kwenye mabakuli mawili ya stili halafu wanaunganisha nikasema hii si kitu, nikajaza mabakuli mpaka karibu na ukingo, oveni 180 kama keki ya kawaida, baada ya dakika 40 juu pameshakuwa kahawia nikatoa. Nimeunganisha, nimepaka krimu nyeupe, nimekaa saa mbili nabandika vipande vyeusi kimoja kimoja, mgongo unauma, mpira kweli mpira. Kukata tu uji ukamwagika mezani. Katikati haikuiva hata kidogo, maana kwenye bakuli unga unakuwa mnene pale kati na moto haufiki. Sasa hivi bakuli naweka 160, naacha saa nzima na zaidi, juu nafunika na foili isiungue, na nachoma kijiti mpaka chini kabisa sio pembeni.

Nusu Kijiko: Mlikula?

Fundi Mwiko: Tulikula pembeni pembeni.

Bi Mchongo: Tatizo lenu wengi mnachagua keki laini ile ya kupeperuka. Keki ya kuchonga iwe nzito, siagi ya kutosha, halafu uigandishe kwenye friza usiku kucha ndo uchonge.

Kisu Butu: Usiku kucha tena? Inakuwa jiwe, kisu hakipiti, na ikianza kuyeyuka inatoa maji krimu inateleza yote. Friji tu inatosha.

Bi Mchongo: Sawa endelea na friji na hilo jina lako.

Mama Wawili: Jamani msianze.

Dada Mkubwa: Ngoja na mimi niseme maana hili sijawahi kulisimulia popote. Nyie wote zenu ziliharibika. Yangu ilitoka vizuri, na hapo ndo palikuwa na balaa. Binti yangu alikuwa anatimiza miaka mitano na ana sungura wake mweupe anayelala naye mpaka kumuogesha ni vita, nikasema nitamtengenezea huyo huyo. Nilioka siku moja kabla, nikafunga na plastiki, nikaweka friza kama saa moja ishikane tu (mnaogombana hapo juu, saa moja), nikachonga kwa kisu cha mkate kidogo kidogo, mgongo, mashavu, mkia. Nikapaka krimu nyembamba ya kwanza ile ya kushika makombo, friji nusu saa, halafu krimu nene nikaivuta kwa uma ikawa manyoya. Masikio niliyafanya ya fondanti, lile donge la sukari unalofinyanga kama udongo, siku mbili kabla yakakauka vizuri. Usiku wa manane nimemaliza nimekaa namwangalia nasema huyu atapiga chafya muda si mrefu. Sasa sijui shetani gani alinishauri keki ya ndani iwe nyekundu. Nilitaka wakikata ipendeze. Watoto wamejaa, wameimba, mshumaa umezimwa, binti yangu anambusu sungura puani, mimi nikashika kisu nikapitisha shingoni. Jamani. Nyekundu. Ilinyamaza ile nyumba sekunde kama tatu hivi kisha mtoto wangu akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiwa nimetulia nausikia, "mama umemuua", watoto wote kumi na kitu wakadakia, mmoja kajificha chini ya meza, mwingine anatapika, wazazi wanakuja kuchukua wanao wanakuta msiba. Nikajaribu kumfunika lile jeraha na krimu ndo akaonekana kafungwa bandeji.

Kisu Butu: AKAFUNGWA BANDEJI. Nimekufa mimi.

Nusu Kijiko: Shingoni dada? Kwa nini ulianzia shingoni?

Dada Mkubwa: Ndo palikuwa pembamba, nilifikiria vipande sawa.

Mzee wa Oveni: Samahani wanangu, ushauri tu. Keki ya mnyama ikatwe jikoni, iletwe kwenye sahani ikiwa vipande. Wajukuu wangu hawajawahi kuona kisu.

Shangazi Tambi: Au ufanye namba. Tatu, saba, nane, hakuna anayelilia saba. Saba unakata kwenye keki ya mstatili dakika tano, nane ni keki mbili za duara unatoboa katikati, basi umemaliza ukalale.

Bi Mchongo: Namba ni uvivu.

Shangazi Tambi: Uvivu wenye usingizi.

Mdogo wa Mwisho: Dada Mkubwa hayo masikio uliyasimamishaje, yangu ya paka yalianguka kwenye gari. Nikiweka vijiti vya meno vinafaa?

Kisu Butu: Vinafaa sana, viwili kila sikio.

Shangazi Tambi: HAVIFAI. Keki ya watoto unaficha vijiti vyenye ncha ndani, mtoto anang'ata kwa nguvu zake zote unadhani nini kitatokea? Weka tambi kavu zisizopikwa, zinashika na zenyewe ni chakula.

Kisu Butu: Miaka yote naweka na sijaua mtu.

Nusu Kijiko: Aliyeua tunamjua.

Dada Mkubwa: Nitatoka humu.

Fundi Mwiko: Afu mimi fondanti siielewi, nani anakula ile kitu? Kila sherehe nakuta maganda yake kwenye sahani.

Bi Mchongo: Wanaojua kuila wanaila. Krimu joto likizidi inamwagika kama mshumaa, fondanti inasimama.

Mdogo wa Mwisho: Inasimama lakini ukiitoa friji inatoka jasho. Paka wangu alikuwa anang'aa kama amepakwa mafuta, rangi ya macho ikamchuruzika mpaka kidevuni akawa analia machozi meusi. Hapo sikio moja limeshaanguka.

Mzee wa Oveni: Ulitumia rangi ya maji. Tumia ya jeli, na nyeusi usianze na krimu nyeupe utamaliza kopo zima na meno ya watu yatakuwa kama wamelamba wino. Anza na krimu ya kakao. Changanya leo upake kesho, ikilala inakolea yenyewe. Na kwenye gari keki inakaa chini kwenye sakafu, kiti kina mteremko.

Mama Wawili: Asante mzee. Mimi jumamosi narudia gari. Bati nimeshalipaka siagi kwa brashi kwa majaribio ingawa ni jumanne.

Fundi Mwiko: Na unga juu yake. Ikitoka usipindue hapo hapo, ipe dakika kumi.

Shangazi Tambi: Au oka mstatili ukate gari.

Mdogo wa Mwisho: Dada Mkubwa sasa yule sungura aliishia wapi?

Dada Mkubwa: Mtoto alitaka azikwe. Nikamwambia tumpumzishe kwanza kwenye friji. Siku ya pili asubuhi masikio hayapo.

Kisu Butu: Nani?

Dada Mkubwa: Baba yake. Na mkia pia.