Mtumba ya Kijapani gia 3 kwa milima ya Mbeya, nianze na gia au breki?

Mkazi wa Igawilo

Wakuu habari za majukumu. Nina baiskeli ya mtumba ya Kijapani, zile za kikapu mbele, gia 3 za ndani ya habu ya nyuma (kile kitovu cha wili), niliichukua Mwanjelwa mwaka jana kwa laki moja na themanini na kiukweli naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa hela yangu. Kila siku natoka nayo Igawilo naenda kazini maeneo ya Kabwe na jioni narudi nayo, mvua jua.

Sasa nataka niende nayo Tukuyu kwa mama mdogo, niende Jumamosi nirudi Jumapili. Nimejaribu mara moja nikaishia njiani kabla ya Isongole, pumzi zilikata kabisa nikaikokota. Kwahiyo wazo langu la kwanza ni kuiuza nitafute mauntenibaiki yenye gia 18 au 21.

Jambo la pili breki ya nyuma. Ilikuwa inapiga kelele sana, yaani nikibana watu wote wanageuka, nikampelekea fundi mmoja huku mtaani akaimwagia oili. Kelele ziliisha siku hiyohiyo. Kesho yake nashuka kuelekea nyumbani nabana, nabana, chuma hakishiki, mbele kuna bajaji inageuza, niliingia kwenye mfereji ndo pona yangu. Goti lilichubuka na kikapu kikapinda.

La tatu tairi ya mbele imeisha, nimenunua mpya imeandikwa 26 kama ya zamani lakini haikai, inapwaya hadi inachomoka kwenye rimu... au ni feki? Naombeni ushauri, natanguliza shukrani.

Mzee wa Spoki, Sokomatola

Pole sana kijana wangu, na ushukuru Mungu ulikutana na mfereji. Mimi naendesha baiskeli tangu 1984, nimeanza na Phoenix ya marehemu baba, na kitu ninachokiona kwa vijana wengi huku kwetu ni kwamba wote wanauliza gia za kupandia. Kupanda hakujawahi kumuua mtu, ukichoka unashuka unakokota, hata mimi nakokota mpaka leo. Kinachoua ni kushuka. Sasa we unataka kwenda Tukuyu, fikiria vizuri, ukishamaliza kupanda Isongole kuanzia pale unateremka kwenda Kiwira, halafu Katumba na Tukuyu, na barabara hiyohiyo ukiiendeleza inakupeleka Kyela kwenye Ziwa Nyasa ambalo halifiki hata mita 500 juu ya usawa wa bahari wakati sisi hapa mjini tuko kwenye 1,700. Huo mteremko wote unautegemea mkono wako na vipande viwili vya raba.

Tuanze na hiyo ya nyuma. Hiyo ni breki ya bendi, kuna ngoma ndogo ya chuma upande wa kushoto wa habu halafu bendi yenye kitambaa inaizunguka, ukibana inaikaba. Kupiga kelele ni tabia yake tu, kitambaa kikishakuwa kigumu na kung'aa inalia. OILI HAIWEKWI HAPO, narudia, haiwekwi hata tone, maana kazi yote ya breki ni msuguano na oili inaua msuguano. Bendi ikishakunywa oili usihangaike kuiosha, kitambaa kimeshafyonza, utaosha leo kesho inatoka tena ikipata moto. Tafuta bendi nyingine kwa wauza vipuri vya mtumba, ngoma yenyewe ifute na petroli kwenye kitambaa safi mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha ipige msasa mwepesi. Na hata ikiwa mpya ujue hii ni breki ya kusaidia, mteremko mrefu inachemka na nguvu zinapungua.

Breki yako ya kweli ni ya mbele, mkono wa kulia. Najua watu wengi wanaiogopa wanasema itakurusha, lakini ukibana uzito wote unakuja mbele, tairi ya nyuma inabaki nyepesi inateleza tu, ya mbele ndo inashika ardhi. Unajizoesha uwanjani, makalio yanarudi nyuma ya siti, mikono inanyooka, unabana kidogo kidogo kwa kuongeza.

Halafu fanya hivi leo hiihii, tafuta sumaku, hata ya spika mbovu, ibandike kwenye rimu ya mbele. Ikinasa ni rimu ya chuma (zipo za chuma kisichoshika kutu ambazo hazinasi vizuri, hizo utazijua zinang'aa kama kioo), isiponasa na rangi yake imefifia kijivu hiyo ni alumini. Rimu ya chuma ikilowa breki ya raba haishiki, inateleza mzunguko mmoja, miwili, ndo inaanza kushika, na Rungwe unaijua mwenyewe mvua yake haina ratiba. Alumini ikilowa angalau inashika. Kama yako ni chuma badilisha wili ya mbele, hela ya mauntenibaiki weka huko.

Raba za breki nunua mpya, usibane zile za zamani zilizokuwa ngumu kama mfupa. Ukizifunga, kwenye ncha ya nyuma ya raba, kati yake na rimu, chomeka kipande cha kadi ya vocha ndo ukaze nati, ukitoa kadi mbele ya raba inagusa rimu kabla ya nyuma, na hapo kelele zinaisha bila oili ya mtu. Waya nao ubadilishe kama umeanza kuchanika nyuzi pale kwenye kichwa, hapo ndo unapokatikia siku zote.

Dada wa Ipogolo

Kamwene! Mimi niko Iringa, nakaa Ipogolo chini kule mtoni na kazi yangu iko mjini juu, kwahiyo kila asubuhi siku yangu inaanza na mlima kabla sijasalimia mtu. Nakubaliana na mzee kwenye breki ila kwenye gia naomba nipishane naye kidogo. Mtu akifika juu miguu inatetemeka na macho yanaona giza ndo huyohuyo anaanza kuteremka, hawezi kuamua vizuri. Gia nyepesi nayo ni usalama.

Lakini usiuze baiskeli kaka. Hizo gia 3 za ndani ni nzuri sana kwa vumbi na matope yetu kwasababu zimefungiwa humo ndani hazichafuki, shida yake Wajapani wamezipangia barabara za tambarare. Hesabu meno ya sproketi ya nyuma (ile duara ya meno inayoshika cheni), yangu ilikuwa na 16, nikaweka ya meno 20. Ile ya zamani inatoka kwa bisibisi tu, kuna pete ya waya imeibana, unaichokonoa taratibu huku umeifunika na kitambaa isije ikakurukia machoni, sproketi inachomoka na mpya inaingia, inabidi iwe na vile vidole 3 vya ndani kama ya zamani. Utaongeza pingili kama mbili za cheni. Hapo gia zote 3 zinakuwa nyepesi kwa moja ya tano, nilikuwa nakokota kila siku sasa nakokota siku nikibeba mchele tu. Na kumbuka ukibadilisha gia acha kukanyaga kwa sekunde moja, ukilazimisha huku umekanyaga kwa nguvu utasikia "kaa!" na habu ya ndani ikishaharibika sio fundi yeyote anaiweza.

Tairi sio feki. Angalia ubavuni kwa zile namba ndogo, ya Kijapani utakuta 37-590, na uliyouziwa nina uhakika imeandikwa kitu kinachoishia na 559, hiyo ni ya mauntenibaiki. Zote zinaitwa 26 lakini hizo namba za mwisho ni milimita za kipenyo pale tairi inapokaa kwenye rimu, zimepishana sentimita 3. Sasa mpya ikiwa ndogo kuliko rimu isingeingia kabisa, wewe unasema inapwaya?? Hebu angalia vizuri, isijekuwa mwenye baiskeli kabla yako alishabadilisha wili ya mbele.

Kingine, ukiteremka usibane breki kidogo kidogo muda wote kama unapapasa. Rimu inachemka, upepo kwenye tyubu unatanuka, na kama una viraka gundi inalainika. Mimi kiraka kiliachia nikiwa nashuka kuja Ipogolo, mchana wa jua kali, nilikuwa nimebana mfululizo tangu juu. Sikuanguka, ila niliposhika rimu niliungua vidole viwili. Siku hizi naiachia, nakaribia kona nabana kwa nguvu nikiwa bado nimenyooka, nikiingia kwenye kona nimeshaachia, halafu nikiona pazuri nasimama kabisa dakika 5. Kupima moto nadondoshea maji, yakichemka nakaa zaidi.

Na mtu akikwambia twende na baiskeli mpaka mlima Kitonga wa huku Iringa mkatalie. Malori yale hayana pa kukukwepea. Pakia kwenye basi, shukia ng'ambo.

Mkulima Njombe

Nyongeza ndogo. Mwezi wa 6 na wa 7 huku asubuhi vidole vinakufa ganzi, unaona breki iko pale ila mkono haufungi. Vaa glavu hata zile za kazi za sokoni, na mkono wa breki usogeze karibu na hendo, kuna kiskrubu kidogo, vidole viwili vifike bila kujinyoosha. Isongole nako ni baridi, usidharau.

Mkazi wa Igawilo

Shikamoo mzee wangu, na dada ahsante sana, ndaga fijo.

Nimetoka kuikagua sasa hivi nje na tochi. Dada umenipatia kabisa, rimu ya mbele ndo 559! Tairi mpya niliyonunua ndo imeandikwa 37-590, muuzaji aliona baiskeli ya Kijapani akanipa ya Kijapani, kumbe wili ya mbele iliwekwa ya baiskeli nyingine kabla yangu. Ndo maana inapwaya. Na ndo maana raba za breki zilikuwa zimeshushwa mpaka mwisho wa tundu na bado nusu yake inakanyaga tairi, nimeona na alama, pembeni ya tairi imelika mstari mzima. Yaani muda wote huu nilikuwa na breki ya mbele nusu na ya nyuma ya oili.

Sumaku imenasa. Sproketi ya nyuma ina meno 16 vilevile. Kwahiyo siuzi. Natafuta wili nzima ya mbele ya alumini, 590, niifunge na hiyo tairi mpya, halafu raba, waya, bendi, ndo sproketi mwisho wa mwezi.

Mzee wa Spoki, Sokomatola

Marahaba. Afadhali umeshika tochi ukaangalia mwenyewe. Ukienda kutafuta wili chukua yenye dainamo ndani ya habu kama utaipata, ile iliyonenepa katikati na ina vichwa viwili vya waya, taa inawaka bila kuongeza uzito wa kukanyaga unaousikia. Ukungu wa Isongole hata saa nne asubuhi unaweza kuukuta na dereva wa lori la viazi hakuoni bila taa. Ukiinunua izungushe hewani uangalie kama inayumba kushoto kulia, na ishike ekseli kwa vidole uizungushe, ukisikia mchanga ndani gololi zimekwisha, rudisha.

Tukuyu usiende wiki hii. Fanya kwanza Uyole kwenda na kurudi mara tatu na breki mpya, raba zinatakiwa zilale kwenye rimu. Jumamosi ya wiki ya pili nitakuwa Igawilo saa 12 asubuhi, nikague nati zako na nikusindikize mpaka Isongole, tukinywa chai pale mimi narudi we unaendelea. Na mwambie mama mdogo kabisa kwamba unalala.

Mkazi wa Igawilo

Nimeshampigia. Anauliza kikapu kinabeba mkungu mmoja wa ndizi au miwili.

Dada wa Ipogolo

Mmoja, na ufunge nyuma kwenye karia sio kikapuni, mbele ukiwa mzito hendo haikati kona. Na ukirudi Jumapili utuambie raba zimebaki kiasi gani.