Kunyanyua vyuma na kuendesha baiskeli: siku za miguu nizipange vipi?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Nina miaka sita ya kunyanyua vyuma, siku nne kwa wiki, mbili zikiwa za miguu. Miezi mitano iliyopita nilinunua baiskeli kwa nia ya kuongeza pumzi tu, lakini sasa imeniteka: kila Jumapili natoka alfajiri na kurudi baada ya saa tatu, na katikati ya wiki naiba saa moja hapa na pale. Shida yangu ni Jumatatu. Nikichuchumaa na kilo 120 mabegani, marudio matano niliyokuwa nikiyamaliza bila wasiwasi sasa yananikwamisha kwenye la tatu, mapaja yakitetemeka kabla sijasimama wima. Sitaki kuacha vyuma, wala sina nia ya kushindana barabarani. Je, baiskeli inakula misuli kweli, au mpangilio wangu ndio mbovu?

Jibu la kwanza

Ndugu, misuli yako ipo palepale. Unachokutana nacho Jumatatu ni uchovu wa Jumapili ambao haujatoka mwilini. Hofu unayoitaja ina asili yake. Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alichapisha matokeo ya jaribio la wiki 10, ambamo kundi moja lilinyanyua vyuma siku tano kwa wiki na papo hapo likafanya mazoezi ya pumzi siku sita. Nguvu za miguu za kundi hilo zilipanda vizuri hadi karibu wiki ya saba, kisha zikasimama, na mwishoni zikashuka. Wengi hulitaja jaribio hilo kana kwamba ni hukumu, ilhali ni wachache mno miongoni mwetu wanaofanya mazoezi mara kumi na moja kwa wiki.

Ushauri wangu huenda ukakushangaza: siku ngumu usizitawanye, zikusanye. Miguu ifanyie vyuma Jumatano asubuhi, na ile safari fupi ya kasi iweke jioni ya siku hiyohiyo, baada ya saa sita au zaidi na mlo wa kutosha, ili Alhamisi iwe mapumziko ya kweli. Siku ya pili ya miguu ifanye nyepesi. Ukilazimika kupunguza, punguza idadi ya seti, yaani mizunguko ya marudio, na uache uzito kama ulivyo, kwa kuwa nguvu hudumu kwa seti chache ilimradi chuma kibaki kizito.

Jibu la pili

Naafiki sehemu kubwa, ingawa mazoezi mawili kwa siku moja mimi yalinishinda ndani ya wiki tatu, kwani kazi yangu ni ya kusimama kutwa. Kabla ya kugusa ratiba, hebu kagua unavyoendesha. Sisi wa vyuma tuna tabia ya kuchagua gia nzito na kuikandamiza pedali kana kwamba tunachuchumaa. Hesabu goti moja linapanda mara ngapi kwa sekunde 15: ikiwa ni chini ya 20, shusha gia. Kisha keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Goti likibaki limekunjwa, kiti kiko chini mno, na mapaja ndiyo yanayolipa. Halafu, kwa saa tatu barabarani unakula nini? Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa si anasa.

Muuliza swali

Nimehesabu: 15. Kiti nimekipandisha karibu sentimita mbili, na kuhusu chakula naona aibu kusema kwamba nilikuwa nikibeba maji matupu. Miguu nitaihamishia Jumatano. Je, kuinua chuma kutoka sakafuni nikuweke wapi?

Jibu la tatu

Mbali na safari ndefu, kwa sababu mgongo wa chini uliokaa umeinama kwa saa tatu haufai kubebeshwa mzigo mzito kesho yake. Ijumaa ingekufaa, kwa seti mbili au tatu. Usiache kabisa kuinua chuma, hata baiskeli ikizidi kukunogea. Mwendesha baiskeli hubebwa na kiti, mifupa yake haipati mshindo wala mzigo, na waendeshaji wa mbio za barabarani mara nyingi hukutwa na mifupa hafifu ya uti wa mgongo sehemu ya kiunoni. Wiki mbili za kwanza anza na uzito pungufu kidogo kuliko uliouzoea, uone mgongo unaamkaje Jumamosi.