Mteja wa Toronto kanirudishia bango la vijana wa LGBTQ mara mbili, nimekosea wapi?

Dizaina_Sakina: Wakuu, habari za jioni. Niko Arusha, natengeneza mabango, nyingi ni kazi za harusi na kampuni za utalii. Sasa nimepata kazi mtandaoni: kituo cha vijana Toronto wanataka bango la mlangoni, kijana wa LGBTQ (wapenzi wa jinsia moja, watu wa trans na wenzao) akiliona ajue humu ndani hatukanwi wala hafukuzwi. Hela ni nzuri, sifichi.

Nikamwaga upinde wa mvua bango zima, maandishi meupe juu yake. Likarudi. Nikaongeza picha ya vijana wa Kizungu wanacheka. Likarudi tena na ujumbe mmoja: "Ni zuri, ila hatujioni humo." Kujiona ndiyo nini? Mwisho Ijumaa. Mahubiri naomba tuyaache, nauliza kazi.

FundiRangi_Moshi: Hesabu mistari yako kwanza. Upinde wa darasani una rangi 7, bendera yao ina 6. Gilbert Baker na wenzake walipoishona San Francisco mwaka 1978 ilikuwa na 8. Kitambaa cha waridi kikasumbua kupatikana, na kufikia 1979 zikabaki 6. Ya rangi 7 ni ya amani, Waitalia wanaitundika madirishani.

Dizaina_Sakina: Duh. Nimehesabu, ni 7 kweli.

DadaKaloleni: Na nyeupe juu ya njano nani atasoma, dada? Acha bango liwe jeupe, bendera iwe ukanda mwembamba pembeni. Halafu hao vijana wako wote ni Wazungu wenye meno ya tangazo la dawa ya meno. Mwaka 2018 Daniel Quasar aliongeza kwenye bendera ile mishale ya nyeusi, kahawia, waridi, bluu ya maji na nyeupe kwa sababu kuna watu walikuwa hawajioni: weusi na watu wa trans, yaani wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa.

Mzee_Kiboriloni: Siku hizi mnatangaza uchafu waziwazi.

DadaKaloleni: Shikamoo mzee. Uzi umeufungua mwenyewe.

NesiRau: Mdogo wangu, nilishawahi kuhudumu kliniki ya vijana, sitaji wapi. Ukutani bango safi: "Karibu, siri yako ni yetu." Chini yake dirisha la mapokezi limetazamana na benchi, mhudumu anauliza kwa sauti, "Una shida gani?" Kijana mmoja alivuta kofia usoni, akasema amekosea mlango. Na bango liko palepale, juu ya kichwa cha mhudumu!

Kwa hiyo kabla ya rangi, muulize mteja: wanaingilia wapi? Fomu inauliza jina analoitwa au la cheti? Choo kimeandikwaje? Kitambulisho kinadaiwa? Andika yaliyo kweli tu, kwa herufi kubwa.

FundiRangi_Moshi: Na usiende kuchapisha sampuli stationery za mjini. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinaadhibu tendo la ngono kinyume cha maumbile, miaka 30 hadi maisha, lakini mwenye mashine hatafungua kitabu, ataona rangi tu. Kwetu bendera mlangoni inamwonyesha jirani nani kaingia.

Dizaina_Sakina: Nimewatumia maswali ya Nesi. Kitambulisho hawadai, jina unajiandikia. Ila kumbe vijana wengi hawapiti mbele, kuna mlango wa kijani uchochoroni na wageni huwa wanaupita bila kuuona. Nimewaomba waupige picha asubuhi, kabla taka hazijatolewa nje.