TomEE, Payara Micro au nibaki na Tomcat? Nataka REST kwa seva ya ushirika wa maziwa

mkulima_java (Njoro)
Wakuu, habari za jioni. Ushirika wetu una programu ya Java ya kuweka kilo za kila mkulima. Hadi leo makarani wanarudi na madaftari saa nne asubuhi, halafu binti mmoja anaziingiza kwenye kompyuta ya ofisi. Kamati imekubali kununua simu ili karani apime na kutuma papo hapo kituoni. Kwa hivyo nahitaji seva ipokee JSON (data kwa maandishi) kwa REST, yaani simu itume kwa maombi ya kawaida ya wavuti. Nimebaki na seva tatu za Java: TomEE, Payara Micro na Open Liberty. Ipi nyepesi? Nataka kuanza kabla ya mwisho wa mwezi.

Dala_254 (Kisumu)
Nyepesi kwa mashine gani? Hujataja RAM, hujataja toleo la Java, wala programu ya sasa inakaa juu ya nini. Hivyo tutakuwa tunapiga ramli.

mama_seva (Nakuru)
Na useme kama msimbo unao, au aliyeitengeneza alikuachia war (programu iliyofungwa tayari kwa seva) peke yake.

mkulima_java
Samahani. Ni Tomcat 9, Java 8, RAM 4 GB, na mashine hiyo hiyo inabeba MySQL. Msimbo ninao wote. Vituo 11.

bukhungu88 (Kakamega)
Payara Micro. Ni faili moja: java -jar payara-micro.jar --deploy maziwa.war, basi, REST iko ndani tayari. Ila kwa Java 8 chukua toleo la 5, maana la 6 linataka Java 11 kwenda juu.

mama_seva
Mdogo wangu, kwa nini ahame? Vituo 11 si mzigo. Tomcat haiji na REST, ni kweli, lakini anaweka Jersey 2, maktaba ya REST, kwenye WEB-INF/lib, anaandika darasa moja linalorithi Application lenye @ApplicationPath("api"), kisha @Path juu ya kila huduma. Asisahau jersey-hk2. Bila hiyo Jersey inakataa kuwaka, inalalamika kuhusu InjectionManagerFactory. Tena aongeze maktaba ya JSON, la sivyo ataambiwa hakuna wa kuandika majibu.

Dala_254
Lolote utakalochagua, angalia javax na jakarta kwanza, yaani jina ambalo vifurushi vya msimbo vinaanza nalo. Nieleze yaliyonipata. Nilikuwa na mteja wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, Tomcat 9 na Jersey 2, kila kitu sawa. Jumapili nikaamua kumpandishia Tomcat hadi 10, nikidhani ni namba tu imebadilika. Ukurasa wa mbele ukafunguka vizuri, nikaenda nyumbani. Jumatatu saa mbili lori la saruji liko mlangoni, simu za wauzaji zinapata 404 (anwani haipatikani) kila zinapotuma oda. Logi haina kosa hata moja. Nikalaumu ruta, nikamwita fundi wa mtandao, akabadilisha waya, 404 ile ile. Wauzaji wakarudi kwenye karatasi siku nzima.

Usiku ndipo nikaelewa. Java EE, viwango vya Java kwa seva, ilipohamia Eclipse Foundation, jina javax halikuhama nayo, kwa hivyo Jakarta EE 9 ya 2020 ikageuza vifurushi vyote kuwa jakarta. Tomcat 10 inatafuta jakarta pekee. Jersey yangu ya javax ilikuwa mle ndani, lakini hakuna aliyeiita. Mteja yule hakunirudishia kazi tena, na hadi leo inaniuma.

mama_seva
Pole sana ndugu. Kwa wengine: Tomcat 10 ina folda ya webapps-javaee. Ukiweka war ya zamani humo inaigeuza yenyewe.

mkulima_java
Kwa hiyo TomEE 8 itanifaa? Nasikia ni Tomcat 9 ile ile.

Dala_254
Ndiyo, na bado ni javax, REST yake inatoka maktaba ya CXF. Usiguse TomEE 9 wala 10 kwa sasa.

bukhungu88
Na ukijaribu Open Liberty, weka host="*" kwenye server.xml. Bila hiyo inasikiliza localhost (mashine yenyewe) tu, simu hazitaipata.

milimani_dev (Kisumu)
Lakini Java ya nini kwa kilo za maziwa? Flask ya Python ingemaliza haya kwa kurasa mbili.

mkulima_java
Makato ya malisho, mikopo na bonasi yote yako ndani ya hiyo Java. Siwezi kuyaandika upya na wakulima wanasubiri malipo.

kapsabet_net (Nandi)
Mnabishana seva na shida iko kwenye simu. Mtandao wa vituoni ukikatika katikati, simu inatuma tena. Kwa POST ya kawaida (ombi la kuongeza rekodi mpya) mkulima aliyeleta kilo 14 anaandikiwa 28. Simu yenyewe itunge UUID (namba ya kipekee) ya kila kipimo, itume kwa PUT (ombi la kuweka rekodi kwenye anwani yake) kwenye /vipimo/ ikifuatwa na namba hiyo. Ikifika mara tatu, rekodi inabaki moja. Vipimo vihifadhiwe kwenye simu hadi seva ijibu.

mama_seva
Hili ni kubwa kuliko swali lenyewe. Na stima ikipotea ofisini?

mkulima_java
Tuna UPS, inashika kama dakika 20. Jumamosi nitajaribu TomEE 8 na Jersey juu ya Tomcat kwenye laptopu, nione RAM ya kila moja. Ila UUID sikuwa nimeifikiria kabisa, asante kapsabet_net. Karani akikosea kilo je, afute?

Dala_254
Asifute. Aandike rekodi ya kusahihisha, jina lake libaki pale.

bukhungu88
Payara Micro pia uipime Jumamosi, tafadhali.

mkulima_java
Sawa. Jingine: wazee wanataka risiti mkononi. Kuna anayejua printa ndogo ya bluetooth inayovumilia umande wa saa kumi na mbili asubuhi?